Injini ya Nyambizi na Ng'ombe wa Mzee Maduhu

Vijana wangu mnaojifunza ufundi hapa Katoro, mimi nimeitunza injini ya nyambizi kwa zaidi ya miaka ishirini, na bahari nimeiona mara moja tu. Ilikuwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, Dar es Salaam. Walinipeleka ufukweni wakaniambia, "Haya Mama Minza, angalia bahari." Nikaangalia. Maji mengi, chumvi tupu, ng'ombe hawezi kunywa. Nikarudi kula pilau.

Nyambizi, kwa asiyejua, ni meli ya vita inayozama kwa makusudi. Meli nyingine ikizama, redio inatangaza msiba. Hii ikizama, walioko ndani wanaendelea kumenya viazi. Yetu haikufika huku nzima, msije mkatangaza kwamba bibi ana meli porini. Ilifika injini yake. Meli yenyewe ilitengenezwa zamani, baada ya ile vita kuu ya pili, katika nchi moja ya baridi huko kaskazini. Ilipozeeka wakaikatakata, lakini injini zilikuwa bado zina nguvu, wakaziuza. Moja ikanunuliwa na Tajiri Bundala, mwenye mgodi wa dhahabu nilikofanya kazi. Siku zile nguzo za umeme zilikuwa hazijafika upande huu wa Geita, na mgodi usio na umeme ni shimo la kufugia popo.

Injini ilishushwa bandarini, ikapanda treni hadi Isaka, ikapakiwa kwenye trela. Pale Kagongwa mvua ikawakuta njiani, trela likadidimia kwenye tope hadi ekseli. Wakulima wakaleta maksai, jozi baada ya jozi, wakaivuta huku wakiimba. Mzee Kombo, fundi aliyekuja nayo, alipenda kusema kwamba miaka yote kule baharini ilizama kwa amri ya nahodha, Kagongwa ndipo ilipozama kwa hiari yake.

Huyu Mzee Kombo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, msafi, ovaroli yake imepigwa pasi, kofia ya kiua kichwani. Alikuwa amezunguka dunia kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo. Tajiri alimwajiri aifunge ile injini kisha arudi kwao. Akaifunga, asirudi. Mke wake alikuwa akipiga simu ofisini kwa Tajiri na kuuliza, "Mke mwenzangu yule wa chuma hajambo?"

Mimi nilifika mgodini kutoka Samuye, na Minza wangu mgongoni, kuuza chakula. Sikuja kutafuta ufundi. Nilikuwa na michembe, vile viazi vitamu tunavyokata vipande na kuvianika, na mwaka huo masika ilikuwa ndefu, michembe haikauki. Inaota ukungu tu. Nikawa napita nyuma ya nyumba ya injini na kuhisi joto linatoka ukutani, zuri, la bure. Siku moja nikachungulia, simuoni mtu. Nikaingia, nikatandaza michembe yangu yote juu ya mgongo wa injini, vizuri, kipande kwa kipande.

Mzee Kombo alikuwa amekwenda kuswali. Akarudi.

"Binti, hiki ni nini juu ya mtambo wangu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeuliza hiki ni nini."

"Michembe, mzee."

"Wewe unajua mtambo huu ulikuwa wapi kabla ya kuja hapa? Chini ya bahari! Ulikuwa unakimbiza manowari!"

"Ndiyo maana una joto, mzee. Umekimbia sana."

Mara nikaona tumbo linaanza kumtikisika chini ya ile ovaroli. Akacheka mpaka akakaa kwenye pipa. Akachukua mchembe mmoja, akautafuna, akauliza, "Huogopi?" Maana wasaidizi wake wawili walikuwa wameshakimbia. Wachimbaji walikuwa wamewaambia kwamba ile injini imebeba roho za watu waliozama, na usiku inawaita kwa majina.

Nikamjibu, "Mzee, mimi nimekaa na mama mkwe. Siogopi kitu kinachonguruma."

Kesho yake akanipa kitambaa cha kufutia oili na kunionyesha pa kuanzia. Michembe ile, ili mjue, ilinuka dizeli. Niliiuza yote. Wachimbaji walidai inatia nguvu, wakawa wanakuja kuniulizia, "Mama Minza, ile ya nyambizi haijatoka?"

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana hayo hayajazeeka. Bomba la moto liguse kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Ukiungua mgongo wa mkono utalia, lakini ukiungua kiganja hutashika spana wala tonge. Geji isiyocheza hata kidogo usiiamini, hata kama imesimama mahali pazuri. Kitu kinachofanya kazi hakitulii hivyo. Na moshi usome kabla hujafungua nati hata moja. Mzee Kombo alinifundisha moshi kama mtu anayesema habari za wakwe zake. "Mweusi, anakula kuliko anavyopumua. Wa bluu, anakunywa oili kwa siri. Mweupe, ana maji tumboni, huyo usimkawize."

Injini yenyewe ilikuwa ndefu kama basi, na haikuwashwa kwa ufunguo. Iliwashwa kwa upepo. Kulikuwa na mitungi mikubwa ya chuma iliyoshindiliwa hewa, unafungua koki, hewa inaingia kwa kishindo, inasukuma pistoni, injini inazunguka, inakamata moto. Ukikosea mpangilio wa koki, hewa yote inaisha kwa mluzi mrefu, nawe unabaki umesimama kama mtu aliyeachwa na basi. Kwa hiyo kila asubuhi tulitoa maji yaliyojikusanya ndani ya mitungi, tukakagua koki, ndipo tukagusa kitu kingine.

Na msikae karibu na mdomo wa bomba la hewa mkiwa na vitu vinavyoning'inia. Injini kubwa inavuta pumzi kweli kweli. Siku moja ilianza kutoa moshi mweusi, mzito, nguvu zikapungua, taa za mgodi zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Mzee Kombo akavaa miwani. Akafungua nozeli za dizeli, akazisafisha, akazirudisha. Moshi mweusi. Akabadilisha chujio la dizeli. Moshi mweusi. Akamlaumu Tajiri kwa kununua dizeli mbaya, akamlaumu dereva aliyeileta. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, na kipara kinang'aa. Hicho kipara ndicho kilichonishtua. Sikuwa nimewahi kukiona.

"Mzee," nikamuuliza, "kofia yako iko wapi?"

Akapapasa kichwa. Kisha akaenda polepole hadi kwenye bomba la hewa, akaingiza mkono, akaitoa kofia ya kiua ikiwa nyeusi kama sufuria la msibani. Wachimbaji walipouliza, alisema injini ilikuwa imemkumbuka nahodha wake, ikamvua kofia ili imuone vizuri. Nao wakaamini.

Maana Mzee Kombo alikuwa fundi wa injini na fundi wa maneno. Jioni wachimbaji walipotoka shimoni walikaa mlangoni kwake kusikiliza habari za nyambizi. Ilizamisha meli tatu za adui. Ilijificha chini ya tumbo la meli ya nne mpaka adui mwenyewe akaivusha mpakani bila kujua. Nahodha wake alikuwa na jicho moja. Kila mwaka meli zile tatu ziliongezeka ukubwa, na mimi niliendelea kufuta oili. Mtu anayekufundisha kazi vizuri humhesabii chumvi.

Lakini siku niliyoielewa injini ile haikuwa siku ya hadithi. Ilikuwa siku ya ng'ombe.

Nyambizi imezoea kupozwa na bahari nzima. Sisi tuliipa lambo. Tajiri alichimba lambo nyuma ya nyumba ya injini. Maji yalivutwa kwa bomba, yakapita kwenye chujio, yakazunguka ndani ya injini kuipoza, yakarudi lamboni yakiwa vuguvugu. Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali, malambo mengine yote ya jirani yakakauka, na ng'ombe wa Mzee Maduhu wakaligundua letu. Mzee Maduhu alikuwa jirani yetu, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Asubuhi za baridi ng'ombe wake walisimama ndani ya yale maji ya vuguvugu mpaka tumboni, wamefumba macho, kama watu waliolipia.

Mzee Kombo alikuwa akitoka kuwafukuza kwa kitambaa.

"Mwangaluka," Mzee Maduhu anamsalimia kwa utaratibu, ameegemea fimbo.

"Mzee mwenzangu, ng'ombe wako wanachafua maji ya mtambo!"

"Hawachafui. Wanakunywa."

"Na injini nayo inakunywa!"

"Basi wanywe pamoja. Maji hayana ugomvi."

Ijumaa moja Mzee Kombo alikwenda msikitini Katoro, nikabaki mwenyewe. Nikaona mshale wa joto unapanda. Nikagusa bomba kwa mgongo wa mkono, mkono ukaruka wenyewe. Nikatoka mbio hadi lamboni. Kumbe maji yamepungua, yamebaki kama uji wa ulezi, na fahali mmoja mkubwa amesimama juu ya mdomo wa bomba letu akifanya haja yake bila wasiwasi. Nikampiga kofi, nikafungua chujio, limejaa tope na samadi. Nikalisafisha, nikalirudisha. Likajaa tena.

Kwa kawaida hapo unazima injini na kumsubiri mkubwa wako. Lakini watu walikuwa chini ya duara, yaani shimoni, chini kabisa. Ngazi za upande wa chini zilikuwa zimeoza zinasubiri kubadilishwa, walipanda na kushuka kwa ndoo ya winchi. Winchi inakula umeme wa injini. Pampu inayotoa maji shimoni nayo inakula umeme wa injini. Nikizima, maji yanawapandia na hawana njia. Nisipozima, injini inaungua, inajikaza, na mwisho ni ule ule.

Nikakata umeme wa vinu vya kusagia mawe ili kuipunguzia mzigo, nikabakiza winchi na pampu tu. Nikapiga kengele ya kutoa watu. Kilichobaki ni maji safi. Kulikuwa na tangi la akiba la kupozea injini, tupu tangu kiangazi kianze, na kisima cha kampuni kilikuwa nje ya geti, na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Wanawake walikuwa wamejaa kisimani na ndoo zao. Nikapiga yowe, ule mwano wetu wa kuitana kwenye hatari. Hakuna Msukuma anayesikia mwano akauliza kwa nini. Wakaja mbio, ndoo kichwani.

Shida ilikuwa kamba. Tangi lilikuwa ndani ya kamba iliyozungushwa duara, na mwanamke alikuwa haruhusiwi kuvuka kamba ile. Waliamini mwanamke akisogelea shimo dhahabu inakimbia. Hata mimi, miaka yote ile, nilikuwa naishia kwenye nyumba ya injini, kwenye tangi alikwenda Mzee Kombo. Na pale kwenye kamba alikuwa amesimama nyapara, Nkwabi, mikono ameitanua kama anazuia mbuzi.

"Mama Minza, sheria unaijua! Wakivuka hawa, dhahabu inakimbia!"

"Nkwabi, dhahabu ikikimbia itarudi. Shija atarudije?"

Shija alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na alikuwa chini.

Nkwabi akaangalia shimo. Akaangalia zile ndoo. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Kisha akaishika ile kamba kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa chake, akapaza sauti, "Piteni! Piteni upesi! Lakini msiangalie shimoni!"

Jamani. Hebu fikirieni wanawake ishirini, thelathini, wanakimbia na ndoo za maji vichwani, wote wamegeuza nyuso upande mwingine. Waligongana, wakamwagiana maji, mmoja akammwagia Nkwabi ndoo nzima, naye kamba hakuiachia. Mimi niko juu ya tangi, koki yake nimeifungulia injini, napokea na kumimina, napokea na kumimina. Mzee Maduhu akafika anahema. Alipoelewa kilichotokea aliwatoa ng'ombe lamboni kwa mluzi mmoja, akajitwisha ndoo mwenyewe. Sikuwahi kumuona mzee wa heshima yake amebeba maji kichwani, na sikumuona tena.

Mshale ukasimama. Haukushuka, ila ulisimama, na mimi sikuuomba zaidi ya hapo. Ndoo ya winchi ikapanda na watu, ikashuka, ikapanda. Shija akatoka wa mwisho, maji yakiwa yamemfika mapajani huko chini, akaona wanawake wamejaa ndani ya kamba wamempa visogo. Akafikiri amekufa.

Mzee Kombo aliporudi kutoka msikitini alikuta injini imezimwa, uwanja umelowa kama Kagongwa, na Mzee Maduhu amekaa chini anapepewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akaipapasa kama mtu anavyopapasa mtoto aliyeanguka.

"Nani aliizima?"

"Mimi, mzee."

"Uliizimaje?"

"Nilitoa mzigo wote kwanza. Nikaiacha izunguke polepole ipoe, ndipo nikaizima."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaingia ndani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Injini ilikuwa imezimwa, moshi haukuwepo.

Tajiri aliwajengea ng'ombe wa Mzee Maduhu birika lao pembeni, wakapewa yale maji ya vuguvugu yanayotoka, na lambo likawekewa uzio. Na dhahabu? Wiki ile ile walikutana na mwamba mzuri kuliko wote. Nkwabi akapiga mahesabu yake, akatangaza kwamba si wanawake wanaofukuza dhahabu, ni macho yao. Kuanzia hapo akawa anatuomba, kila walipokosa kitu, tupite ndani ya kamba tukiwa tumegeuza nyuso. Tulikuwa tunakataa mpaka atununulie soda.

Miaka ikaenda. Nguzo za umeme zikafika, injini ikazimwa. Mzee Kombo akarudi Tanga kwa mkewe, na huko akafariki. Mkewe ndiye aliyenipigia simu. "Alikuwa akikutaja," akaniambia, "na yule mwingine." Tajiri Bundala naye akatangulia, mgodi ukawa wa mwanawe, Deo. Mimi nikastaafu, ila ufunguo wa nyumba ya injini nilibaki nao, na kila mwezi nilikwenda kuizungusha injini kwa nondo, kidogo kidogo, na kuitia oili. Mgonjwa wa kitandani asipogeuzwa anaota vidonda. Chuma nacho ni hivyo hivyo.

Deo ni kijana mzuri, simlaumu. Alitaka ile nyumba iwe stoo, na wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshakubaliana naye waje waikate injini. Wiki hiyo hiyo akanipigia simu. "Bibi, kuna wazungu hapa wameulizia injini. Njoo, mimi sijui niwaambie nini."

Nikakodi bodaboda. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, Karin, ambaye ameishi Mwanza miaka mingi na Kiswahili anakijua mpaka cha kubishana na muuza sato. Pamoja naye baba yake, Mzee Henrik, mzee hasa, mrefu, amepinda kama mhogo, fimbo mkononi. Karin aliwahi kusikia habari za injini yetu, akaja kupiga picha kibao cha shaba kilichoko ubavuni mwake, kilichogongwa maandishi ya lugha ya kwao. Baba yake alipoiona ile picha akasema lazima aje.

"Shikamoo Bibi," Karin akaniambia. "Baba alikuwa mtunza injini kwenye nyambizi hii alipokuwa kijana."

Mzee Henrik alikuwa hajanisalimia bado. Alikuwa anaisalimia injini, ameiwekea mgongo wa mkono. Nikaona hilo, nikasema huyu si tapeli. Kisha akauliza ni nani aliyeitunza huku. Karin akanionyesha. Akaniangalia kuanzia kanga mpaka kandambili, akasema kitu.

"Anasema kwenye nyambizi yao mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga."

"Mwambie hata hapa ilikuwa hivyo," nikasema, "mpaka maji yalipokwisha."

Wazee wa mgodi wakawa wamekusanyika, Nkwabi mbele yao, sasa ana mvi na meno ya kuhesabika. Hakuweza kuvumilia. "Mama, hebu muulize mzee wako zile meli tatu. Ilikuwaje?"

Karin akauliza. Mzee Henrik akatikisa kichwa, akaanza kueleza, naye Karin anatafsiri huku anajizuia kucheka. Nyambizi ile haikumpiga mtu yeyote tangu ilipozaliwa hadi ilipokatwa. Kazi yao ilikuwa kujificha kwenye maji ya baridi, kutazama meli za wengine zinapita, na kurudi nyumbani kusema zimepita. Vita yao kubwa ilikuwa na mvuvi. Walinasa kwenye wavu wake bila kujua, wakamburuta kinyumenyume na mashua yake mpaka akaanza kupiga kelele za kuomba msaada. Walipoibuka, nahodha akatoka juu kuomba radhi, mvuvi akamrushia samaki, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Usiku huo walikula samaki. Na hatari waliyoiogopa kuliko adui ilikuwa choo. Choo cha nyambizi kina koki nyingi, ukikosea mpangilio, ulichokipeleka baharini bahari inakurudishia usoni. Ofisa mmoja mpya alikosea siku ya sherehe, akiwa kwenye sare nyeupe.

Watu wakacheka, lakini Nkwabi alikuwa amenuna kweli kweli. "Huyu mzee alikuwa mpishi huyu! Mzee Kombo alisema meli tatu. Tatu! Na nahodha jicho moja!"

Karin akaona aibu, lakini akatafsiri. Mzee Henrik akamsikiliza, akamtazama Nkwabi, akawatazama wale wazee wote waliokuwa wanamsubiri. Akakuna kidevu. Akasema maneno machache.

"Anasema," Karin akatuambia, "labda wakati huo alikuwa likizo."

Nkwabi akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Mimi niligeuka nikajifuta macho na kanga, maana nilijua Mzee Kombo angempenda mtu huyu.

Sasa ikabaki kuiwasha. Mzee Henrik hakuomba, ila alikuwa anaiangalia kama mtu anayemwangalia ndugu yake amelala na hataki kumwamsha. Mitungi ya upepo ilikuwa imeisha hewa. Deo akamleta fundi wa kuziba pancha na kompresa yake. Akajaza mpaka kompresa ikachoka. Nikafungua koki. Injini ikavuta pumzi, ikageuka kidogo, ikatulia, kama mtu aliyeamshwa akageukia upande wa pili. Ndipo Shija akawakumbuka vijana waliokuwa wanatoboa miamba jirani, wenye kompresa kubwa ya kwenye gari. Wakaja, nao walitaka kuona.

Mimi na Mzee Henrik tukasimama kwenye koki. Nikanyoosha mkono kwenye ya kwanza, akanipiga mkono, akaonyesha nyingine. Nikampiga mkono wake, nikaonyesha ile ile yangu. Tukabishana, yeye kwa lugha yake, mimi kwa Kisukuma, tukaelewana kila neno. Yeye alikuwa sahihi kwa baharini, ila mabomba ya huku Mzee Kombo alikuwa ameyapanga upya. Nikamfuatisha kidole juu ya bomba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akakubali. Akaniachia nafasi, akainamisha kichwa kidogo, hivi.

Nikafungua.

Kishindo. Popo wakatoka darini kama majivu. Moshi mweusi, kisha wa bluu, halafu ukaanza kupauka, na injini ikakamata mwendo wake, mabati yakaanza kutetemeka, vikombe vya chai vikatembea vyenyewe mezani. Mzee Henrik akatembea ubavuni mwake kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, sikio ameliinamisha. Akatikisa kichwa juu na chini. Akatafuta mahali pa kukaa, akakuta magunia matupu yamerundikwa ukutani, akaketi, akaegemea.

Tulipogeuka tena alikuwa amelala.

Karin akamkimbilia, akamshika bega, nikamzuia. Nilikuwa nimeona kifua kinapanda na kushuka vizuri. Midomo wazi, anakoroma, ingawa koromo lenyewe huwezi kulisikia kwa ile ngurumo. Karin akaninong'oneza kwa kupiga kelele sikioni, "Bibi, baba halali! Tangu mama afariki halali kabisa. Kitanda chake kwenye nyambizi kilikuwa nyuma tu ya injini!"

Deo akaja na swali la kijana mwenye mgodi. "Bibi, tuizime? Dizeli inaisha."

"Izime," nikamwambia, "halafu umbembeleze mwenyewe."

Akamtazama yule mzee kidogo, akatoa simu, akatuma bodaboda wakalete dizeli.

Wakati tunasubiri, lori la vyuma chakavu likaingia uwanjani. Kijana mmoja akashuka na bomba la gesi la kukatia chuma begani, akaingia mlangoni akipayuka ili asikike juu ya ngurumo ya injini, "Wakubwa, tumekuja kukata! Tuanzie wapi?"

Nkwabi akamrukia akamziba mdomo kwa kiganja. "Wewe!" akamwambia. "Punguza sauti! Hujaona kuna mzee amelala?"

Yule kijana akaiangalia injini inavyotikisa nyumba nzima. Akatuangalia sisi, wazee kwa vijana, wachimbaji kwa watoboa miamba, wote tumesimama kimya na vidole midomoni. Akashusha bomba lake begani, akatoka nje akinyata.